Shukrani na pumziko kwa mwandishi Mkristo, maana yake nini hasa?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Siku hizi kwetu sisi tunaoandika, wa tafakari za asubuhi, wa mashairi, wa maigizo ya kanisani, mpaka wale wa vitabu, utasikia mtu anasema "nimechukua sabato kidogo" au "nipo kwenye pumziko na shukrani", na wengi wakisikia hivyo wanajua basi huyo kaishiwa mada, au kapoa kiroho, au kuna kitu kimemkwaza anaficha. Nimeulizwa hilo swali mara nyingi mpaka nikaona nikae nilieleze vizuri, kwa sababu ni dhana nzito kuliko inavyosikika na mimi mwenyewe nilikaa nayo miaka bila kuielewa.

Tuanze na neno sabato. Huku kwetu ukilitaja tu watu wanawaza Jumamosi au Jumapili na mjadala unawaka, huo mjadala leo siugusi. Kwa Kiebrania neno lenyewe linatokana na kitenzi chenye maana ya kuacha, kukoma, kusimamisha ulichokuwa unafanya. Kwa hiyo sio kulala kwanza, ni kuacha kwanza. Halafu ukienda Kutoka 31:17 unakuta imeandikwa kwamba Bwana "akastarehe kwa siku ya saba na kupumzika", na kile kitenzi cha mwisho pale kwa Kiebrania shina lake ni lile lile la neno nefesh, ambalo kwenye Biblia linabeba nafsi, uhai, pumzi, hata koo la mtu. Yaani ni kama kusema alivuta pumzi. Sasa rudi kwenye Kiswahili chetu uone, pumzi na pumzika ni ndugu wa nyumba moja! Nilipoligundua hilo nilikaa kimya kabisa, maana lugha yetu ilikuwa inanifundisha siku zote na mimi nilikuwa napita tu. Na kitenzi hicho kinarudi Kutoka 23:12, pale inapoagizwa kwamba mtoto wa mjakazi na mgeni nao wapate nafuu siku ya saba. Kupumzika ni aliyekuwa anahema kurudishiwa pumzi yake.

Kuna kitu kingine watu wanapitiliza. Amri ya sabato imetolewa mara mbili na sababu zake ni mbili tofauti. Kutoka 20 sababu ni uumbaji, Mungu alifanya kazi siku sita. Lakini Kumbukumbu la Torati 5:15 sababu inabadilika, Waisraeli wanaambiwa wakumbuke walikuwa watumwa Misri na Bwana akawatoa. Hii ya pili ndo iliyonikamata mimi kama mwandishi. Mtumwa hana siku ya kuacha, ukiacha unapigwa. Kwa hiyo mtu anayeweza kuacha kazi ikiwa bado haijaisha, akakaa, anakiri kwa mwili wake kwamba ameshatolewa Misri, na kukumbuka umetolewa hiyo ni shukrani tayari hata kabla hujafungua mdomo.

Na usiseme mwandishi hana Misri. Soma Kutoka 5. Farao, mfalme wa Misri, aliagiza Waisraeli wasipewe tena nyasi za kutengenezea matofali, wakazitafute wenyewe, ila idadi ya matofali ibaki vilevile. Mimi nimeishi hiyo sura. Nilikuwa naandika tafakari kila siku kwa ajili ya grupu, inatakiwa iwe imeingia saa kumi na moja alfajiri kabla watu hawajatoka kwenda kazini, na nikaifanya hivyo karibu miaka miwili bila kukosa, na ikafika mahali sisomi tena Biblia mpaka iwe natafuta mstari wa kuandikia, siombi mpaka iwe naombea andiko, silali vizuri, yaani nyasi hakuna ila matofali ni yale yale kila alfajiri. Na hakuna aliyenilazimisha jamani, Farao alikuwa ndani, ni ile hofu kwamba nikikosa siku mbili watanisahau. Watu walikuwa wanabarikiwa kweli, nawashukuru, ila mimi nilikuwa nimekauka na nilijua.

Sasa shukrani inaingiaje? Wengi tunaviweka hivi vitu mbali mbali, kushukuru ni ibada, kupumzika ni afya. Fungua Zaburi ya 92. Kichwa chake kwenye Biblia kinasema ni wimbo wa siku ya sabato, ndiyo zaburi pekee kati ya zote 150 yenye kichwa hicho, na neno la kwanza kabisa baada ya hapo ni "Ni neno jema kumshukuru BWANA". Siku ya kuacha kazi ilipewa wimbo, na wimbo wenyewe ni wa shukrani. Inaingia akilini ukifikiria, maana ukiacha kazi bila kushukuru utabaki unahesabu vilivyobaki, sura hii haijaisha, yule mhariri hajajibu, fulani kashatoa kitabu cha tatu mimi bado wa kwanza. Mwili umekaa kwenye kochi ila kichwa kiko shambani kinalima. Shukrani ndo inayokiita kichwa kirudi nyumbani.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi waandishi peke yetu, na hili nataka nilikalie. Sisi kila kitu kwetu ni mada. Mwaka fulani mvua zilichelewa sana kwetu, zilipokuja za kwanza mimi na mama tulikuwa mlangoni jikoni anamenya karanga, ile harufu ya vumbi linalolowa ikapanda, mama akaacha kumenya akasema "Asante Mungu" basi, akanyamaza anaangalia mvua. Mimi nikaanza kutafuta simu. Nilikuwa nishapata kichwa cha tafakari, nishapata mstari, nishajua nitamalizaje, na wakati natafuta simu ndani mvua ikapita kilele chake sikuiona. Mama alishukuru akapumzika, mimi niliigeuza ile mvua ikawa kazi. Tukio lile dogo limenifundisha kuliko semina nyingi nilizokaa.

Kwa hiyo nikisema mwandishi ajizoeze kushukuru namaanisha pia ile shukrani isiyoandikwa popote, isiyopostiwa, ambayo hakuna atakayeweka laiki kwa sababu hakuna atakayeijua. Kwenye sheria ya Walawi 7:15 nyama ya sadaka ya shukrani ilitakiwa iliwe siku ile ile, isibakizwe mpaka asubuhi. Huwezi kuilimbikiza ije ikufae kesho. Zipo shukrani za kuandika na kushuhudia, Zaburi zimejaa hizo, sikatai hata kidogo, ila mwandishi akikosa hata moja ambayo ni yake na Mungu tu basi ajue hata sebule yake ameshaifanya ofisi. Daftari la shukrani ni zuri, wengi wanalo na mimi ninalo, ila langu nimeweka sharti kwamba yaliyomo humo hayatoki kuwa makala, na siku nyingine siandiki kitu, nasema tu kwa mdomo kama mama.

Mana, kile chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, nayo inatufundisha upande wa maandalizi. Kutoka 16, siku za kawaida ukibakiza mana mpaka asubuhi inaingia mabuu na kunuka. Siku ya sita wakaambiwa wakusanye mara mbili, wakabakiza, na haikuoza. Na wapo waliotoka siku ya saba kwenda kuokota, hawakukuta kitu. Nani kati yetu hajawahi kukaa mbele ya laptopu masaa matatu siku aliyojua rohoni kabisa kwamba ilikuwa ya kuacha, na akatoka bila hata aya moja ya maana. Pumziko lina maandalizi yake, unaandika ya siku mbili mapema, unamwambia mhariri kabla, unawaambia wa kwenye grupu kwamba Jumapili hamna andiko someni Zaburi na familia. Nilipowaambia hivyo mara ya kwanza niliogopa sana. Hakuna aliyetoka. Dada mmoja akaniandikia kwamba na yeye alikuwa amechoka kusoma kila siku ila aliona aibu kusema.

Sasa wale wanaodhani uchovu wa kuandika ni dhambi au ni kukosa upako, nawapa Baruku. Huyu alikuwa mwandishi wa nabii Yeremia, Yeremia anasema maneno, Baruku anaandika kwa wino kwenye gombo, yaani kitabu cha kukunjwa. Mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu ndo kazi ilianza. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, gombo likasomwa, na lilipofika kwa mfalme alikuwa ameketi kwenye nyumba yake ya kipupwe na moto unawaka mbele yake, kila zikisomwa kurasa tatu nne anazikata kwa kisu cha mwandishi, kisu cha kazi yetu kabisa, anazitupa motoni mpaka gombo lote likaisha. Baruku akaandika upya yote na mengine mengi yakaongezwa. Hiyo ni Yeremia 36. Ila kuna sura ya 45, fupi, mistari mitano tu, inayomhusu yeye mwenyewe, na humo analalamika kwamba amechoka kwa kuugua na haoni raha. Mungu hakumwambia usilalamike wewe ni mtumishi. Alimuuliza kama anajitafutia mambo makuu, akamwambia asiyatafute, halafu akamuahidi kitu kimoja tu, uhai wake popote atakapokwenda. Mimi zamani niliona ni jibu la ukali. Sasa hivi naliona ni mzigo ameshushiwa, kwamba Baruku huhitaji kuwa mkubwa, uzima wako mimi ninao. Mwandishi akiweza kushukuru kwa uzima tu, kabla ya jina na kabla ya wasomaji, hapo anaweza kulala usingizi.

Na hapa niseme kitu kuhusu shukrani kwenye shida maana maneno yametumika vibaya. 1 Wathesalonike 5:18 inasema shukuruni kwa kila jambo, na watu wanabebeshwa kumshukuru Mungu kwa msiba, kwa ndoa kuvunjika, kwa ugonjwa wa mtoto. Kigiriki pale kinasema katika kila jambo, ukiwa ndani ya kila hali. Tofauti ni kubwa. Kama umefiwa hutakiwi kuandika kwamba unafurahia kifo. Lia. Kataa kuandika miezi hata mitatu. Shukrani inaweza kuwa ni ile chai jirani aliyokuletea ukainywa.

Vitendo vyenyewe havina ufundi. Chagua siku, na kama wewe ni mchungaji au mwanakwaya Jumapili kwako ni kazi basi chukua Jumatatu. Zima data. Usifungue faili la andiko hata "kuliangalia tu". Soma kitu ambacho hutakifundisha. Pika, tembelea wagonjwa, cheza na watoto, lala mchana bila kujieleza. Ukikumbuka wazo zuri katikati ya siku hiyo, mwambie Mungu asante kwa hilo wazo halafu liache, mengine yatapotea kweli, nimepoteza kadhaa na yaliniuma.

Ila pia utavurugiwa, nisikudanganye. Marko 6 Yesu aliwaambia wanafunzi waende faragha "mkapumzike kidogo" kwa sababu hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, wakapanda mashua, na walipofika huko watu walikuwa wameshatangulia kwa miguu wanawasubiri. Pumziko likavunjika hapo hapo. Hakuwafukuza, aliwahurumia, akafundisha, ikawa jioni, akachukua ile mikate mitano na samaki wawili, na Yohana anasema alishukuru kwanza ndipo akagawa, vikiwa bado vichache vilevile mkononi. Watu elfu tano wakala wakashiba. Halafu kuna mistari miwili mitatu hapo mbele ambayo tunaipitiliza kwa kukimbilia kutembea juu ya maji: akawalazimisha wanafunzi wapande mashua watangulie, akawaaga watu, akapanda mlimani peke yake kuomba.