Soma mwaka kabla hujasoma kisa

Tangu Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025 na kuzikwa Bondo, wanaonijia hapa Kisumu wakitafuta vitabu vya maisha ya viongozi wameongezeka. Wengi ni vijana ambao jina la KPU, chama cha upinzani cha baba yake Jaramogi, wamelisikia matangani tu. Mimi ni mkutubi, na rafu ninayoijua kuliko zote ni ya tawasifu za wanasiasa, wakuu wa utawala na makachero wastaafu. Swali lao huwa moja: kipi kinasema ukweli? Mimi huwafungulia ukurasa wa hakimiliki, ule ambao kila mtu huuruka, nikawaonyesha mwaka kitabu kilipotoka. Mwaka huo, nani angeweza kumfunga au kumshtaki huyu mwandishi? Na nani alikuwa keshakufa, hawezi tena kumjibu?

Chukua Not Yet Uhuru cha Jaramogi Oginga Odinga. Kuna wanaokifungua wakitafuta habari za "Russia", ile hospitali kuu ya Nyanza iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo Kenyatta alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969. Siku hiyo yeye na Jaramogi walirushiana maneno hadharani, walinzi wakafyatulia umati risasi, na katika siku chache Jaramogi akawa kizuizini na KPU imepigwa marufuku. Hutayakuta humo hata ukisoma mara tatu, kwa sababu kitabu kilitoka 1967. Hutakuta mauaji ya waziri Tom Mboya pia, maana Mboya alipigwa risasi Julai 1969. Anayeongea humo ni mtu aliyejiuzulu umakamu wa rais mwaka mmoja tu uliopita, ana chama kipya cha upinzani, na bado anaamini anaweza kuwashawishi Wakenya kwa hoja. Hasira yake ni ya mwanasiasa aliye uwanjani, siyo ya mfungwa. Dibaji imeandikwa na Kwame Nkrumah, ambaye wakati huo alikuwa ameshapinduliwa Ghana. Aliyemsaidia Jaramogi kukiandaa ni Ruth First, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuja kuuawa Maputo 1982 kwa bomu lililotumwa kwenye barua. Hayo peke yake yanakueleza kitabu kinaongea na nani nje ya Kenya. Mwaka uliofuata kikatoka cha Kenyatta, Suffering Without Bitterness, kilichojaa hotuba zake. Visome pamoja na utaona kila upande unadai kuwa ndio mwenye uhuru.

Kwa Raila nawaambia waangalie pia nani ameshika kalamu. Mwaka 2006 kilitoka wasifu wake ulioandikwa na Babafemi Badejo, msomi wa Nigeria, na humo ikaelezwa kwamba alihusika katika jaribio la kumpindua Moi la Agosti 1982 kuliko ilivyokuwa imejulikana. Zikapigwa kelele kwamba ashtakiwe. Lakini maneno yalikuwa kwenye kitabu cha mtu mwingine, na yeye mwenyewe hakuwa ametia sahihi ungamo lolote. Hiyo ndiyo kazi moja ya wasifu wa kiongozi aliye hai, na watu hawaioni: unamwezesha kusema bila kusema. Alipotoa kitabu chake mwenyewe, The Flame of Freedom, ilikuwa Oktoba 2013, miezi michache baada ya kushindwa urais. Alikuwa bado ana kura mbele yake, 2017 na 2022. Mgombea hamwagi mtama wote kwenye kuku wengi, na sioni sababu ya kumlaumu.

Makachero nao wana tatizo lao. Kwanza kuna Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, inayomfuata mtu hata akistaafu. Pili, kazi yenyewe hugawanywa vipande. Ofisa wa wilaya anakusanya habari, anaandika ripoti, ripoti inapanda mkoani, inapanda Nairobi, inachujwa, na kinachomfikia rais huenda ni mistari miwili. Aliyekuwa chini hajui kilichoamuliwa juu. Aliye juu hajui habari ilitoka kwa nani, kama ni kwa mtu mwaminifu au kwa jirani mwenye chuki ya mpaka wa shamba. Mzee mmoja mstaafu aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa natuma tu. Walichopika huko sikuonja." Kwa hiyo kachero anaposimulia, mimi hutenga pale anaposema "nilikuwepo" na pale anaposema "tulijua". Hiyo "tulijua" mara nyingi ni ya gazetini.

Memoirs of a Kenyan Spymaster cha Bart Kibati kilitoka 2016. Pima mwaka: James Kanyotu, aliyeongoza Special Branch, tawi la ujasusi la polisi, na idara iliyoirithi kuanzia 1965 hadi 1991, alikuwa amefariki 2008. Moi alikuwa bado hai. Msomaji atafute mwenyewe mwandishi anamkunja nani na anamkunjua nani. Kanyotu mwenyewe, miaka 26 kwenye kiti hicho chini ya marais wawili, hakuacha tawasifu, na hata picha zake ni za kutafuta kwa tochi. Nadhani ndicho kitabu pekee cha Kenya ambacho ningekifungia kazi wiki nzima, na hakipo.

Walioko Nakuru wana mfano wao hapo mlangoni. Kenyatta alipofariki Agosti 1978, ikasemwa kwamba kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo, kilichokuwa Nakuru chini ya James Mungai, kiliandaliwa kumuua Moi na wenzake ili asirithi kiti. Kikosi hicho ndicho kikaitwa Ngoroko. Kisa hicho wengi wanakijua kupitia The Kenyatta Succession cha Joseph Karimi na Philip Ochieng, 1980. Mwaka 1980 Charles Njonjo, mwanasheria mkuu wa miaka mingi, alikuwa kileleni, na kwenye kisa hicho ni miongoni mwa waliolengwa kuuawa. Miaka mitatu baadaye yeye mwenyewe aliitwa msaliti na kuangushwa. Sisemi Ngoroko ni hadithi ya kutunga. Nasema kisa kilichochapishwa wakati washindi wangali mezani kitafutiwe mashahidi wengine.

Kisha Ouko. Waziri Robert Ouko alitoweka shambani kwake Koru Februari 1990, mwili ukapatikana Got Alila. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, alishtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiliwa na mahakama 1994, akaenda Marekani, na 1998 akatoa Absolute Power. Huyu anaandika kujisafisha, na ana haki hiyo. Faida ya kitabu iko kwingine: mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, kwa hiyo anapoeleza jinsi amri zilivyoshuka na nani alimpigia nani simu, anajua meza hiyo. Anapotaja muuaji, mweke kwenye mizani na ripoti ya Troon, mpelelezi wa Scotland Yard ya Uingereza aliyeitwa kuchunguza mauaji hayo.

Ukiona kitabu kimetoka Marekani au Uingereza, usifikiri ni ubishoo wa mwandishi. Kitabu kuhusu kazi za daktari Mwingereza aliyeuchunguza mwili wa Ouko kilifanya maduka ya Nairobi yashtakiwe kwa kukiuza tu, na Nicholas Biwott, waziri wa Moi aliyetajwa humo, akapewa fidia ya mamilioni ya shilingi. Baada ya hapo wachapishaji wengi walianza kumpa wakili mswada kabla ya mhariri. Nina nakala ya tawasifu ya mkuu wa mkoa mmoja, niliyoiokota kwenye vitabu vya mtumba Barabara ya Oginga Odinga. Kila pale mwandishi alipokwepa jina, aliyekuwa na kitabu kabla yangu ameliandika pembeni kwa penseli. Matatu yana alama ya kuuliza, na moja limefutwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka. Hayo majina nimeyalinganisha na faharasa ya vitabu vingine vitano, na manne yanalingana.

Anayeanza, aanze na Jaramogi wa 1967 na Kenyatta wa 1968, kisha Badejo. Anguka amsome baada ya kupitia kumbukumbu za Bunge kuhusu Ouko. Kibati amwache hadi atakapokuwa na daftari la kuandikia tarehe.