Mshale mzima si ushahidi: dhana potofu kuhusu kujenga na kupima programu za LabVIEW

Anayetumia LabVIEW, programu ya kutengenezea programu za vipimo na mitambo, hachapi mistari ya msimbo, anaunganisha visanduku kwa waya. Ndivyo ilivyo tangu 1986, toleo la kwanza lilipotoka kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Kwa kuwa kazi yote ni ya macho na kipanya, wengi wanaamini kwamba kujenga (kugeuza msimbo kuwa programu ya kumpa mteja) na kupima programu bila mkono wa mtu ni mambo ya wanaoandika C++ au Java. Si kweli, na imani hiyo inatugharimu muda mwingi.

Dhana: Mshale wa kuendesha haujavunjika, basi programu ni nzima.

Hii ndiyo iliyoniumiza zaidi. LabVIEW hukagua waya na aina za data kila unapohariri, na mshale ulio kwenye kitufe cha kuendesha ukiwa mzima maana yake ni kwamba VI, yaani faili ya programu ya LabVIEW, inaweza kuendeshwa. Haisemi lolote kuhusu majibu yatakayotoka, wala kuhusu faili ya EXE, yaani programu iliyokwisha kujengwa, utakayompelekea mteja.

Niliwahi kuandika VI inayosoma faili ya mipangilio iliyo kwenye folda yake. Nilichukua njia ya VI yenyewe, C:\Mradi\Soma.vi, nikakata jina la mwisho, nikabaki na folda. Kwenye meza yangu ilifanya kazi miezi kadhaa. Ilipojengwa, njia ikawa C:\Kipimo\Kipimo.exe\Soma.vi. Ukikata jina la mwisho hapo unabaki na Kipimo.exe, ambayo ni faili, si folda. Mipangilio haikuonekana, na aliyegundua ni mteja. Dawa ilikuwa kutumia Application Directory, ambayo hurudisha folda ya mradi unapohariri na folda ya EXE baada ya kujenga. Lakini kama tungekuwa tunajenga kila usiku na kuiendesha ile EXE kwenye mashine safi, kosa lingeonekana siku ya pili.

VI zinazoitwa kwa njia ya faili wakati programu inaendeshwa zina mtego unaofanana: sehemu ya LabVIEW inayojenga EXE haizioni, hivyo zisipoorodheshwa kuwa lazima zijumuishwe, zinaachwa nje.

Dhana: Lazima mtu afungue mradi na kubonyeza kitufe.

Ipo LabVIEWCLI, zana ya kuiamuru LabVIEW kwa maandishi. Unaipa operesheni ya ExecuteBuildSpec, njia ya mradi na jina la maelezo ya ujenzi, nayo inafanya kazi kutoka kwenye mstari wa amri, kwa hiyo mfumo wa kujenga programu kiotomatiki kama Jenkins au GitLab unaweza kuiita. Operesheni ya RunVIAnalyzer hukagua ubora wa msimbo, na MassCompile hukusanya upya VI zote za folda, yaani huzitafsiri tena kuwa msimbo wa mashine.

Hapa nakuonya. LabVIEW isipoipata VI ndogo, yaani ile inayoitwa na VI nyingine, hufungua dirisha la kuitafuta, ikisubiri mtu. Kwenye seva hakuna mtu, na kazi inaning'inia hadi asubuhi. Weka kikomo cha muda kwa kila hatua, na hakikisha toleo la LabVIEW kwenye seva ni lile lile la kompyuta za wanaoandika programu, maana VI iliyohifadhiwa kwa toleo jipya haifunguki kwenye la zamani.

Dhana: VI ni faili za binari, basi Git haifai.

Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, huzihifadhi vizuri tu. Usichoweza ni kusoma tofauti kama maandishi, na kwa hilo ipo LVCompare, zana ya kulinganisha VI mbili. Tenganisha msimbo uliokusanywa na chanzo, chaguo lililopo tangu LabVIEW 2010, ili VI ambazo hukuzigusa zisionekane zimebadilika.

Dhana: Bila vifaa halisi hakuna cha kupima.

Hesabu, uchambuzi wa data na mpangilio wa hatua havihitaji kifaa hata kimoja. Kwa kinachobaki, NI-DAQmx, programu inayoendesha vifaa vya kukusanyia vipimo, inakuruhusu kuunda kifaa cha kuigiza. Pia unaweza kuficha kifaa nyuma ya klasi, yaani kipande cha msimbo kinachokiwakilisha, kisha siku ya kupima ukaweka klasi nyingine inayorudisha namba ulizozichagua mwenyewe, ikiwemo ile ya kihisi kilichokatika waya, hali ambayo kwenye meza ya vifaa hakuna anayekumbuka kuijaribu.