Je, wajua namna ya kumtambua ndege mweusi wa msituni?

Ukitazama juu ndani ya msitu wa Shimba Hills, Kenya, au Amani kule Usambara, Tanzania, ndege wengi huonekana weusi kwa sababu mwanga uko nyuma yao. Basi iache rangi kwanza, utafute jicho.

Likiwa jekundu, na ndege amekaa wima kwenye kijiti kitupu chini ya majani, huyo ni mlamba. Ndani ya msitu mnene aghalabu ni yule mdogo, Dicrurus ludwigii, mwenye urefu wa sentimita 19 hivi. Mlamba tuliyemzoea mashambani na kwenye nyaya za umeme ni mkubwa zaidi, na mkia wake umepasuka kama wa samaki. Wa msituni mkia wake ni karibu mraba, umebonyea kidogo tu katikati. Jike hana mng'ao mwingi kama dume.

Jicho likiwa la njano au la rangi ya chungwa, na ndege wako kundi wakila matunda, hao ni kwezi wenye tumbo jeusi. Na akipekua majani taratibu akitafuta viwavi, huku pembe za mdomo zikiwa njano, huenda ni dume la Campephaga flava. Huyo ndiye anayewachanganya wengi, maana jike lake si jeusi hata kidogo: ana rangi ya kahawia na njano yenye michirizi.

Kwangu mimi, mwenendo wa mlamba ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Hatulii. Huchomoka, hudaka mdudu hewani, kisha hurudi, mara nyingi kwenye kijiti kilekile. Penye msafara wa ndege wa aina mbalimbali wanaopekua majani naye huwepo, akinyakua wadudu wanaokurupushwa na wenzake. Kwa darubini utaona vinyoya vigumu pembeni mwa mdomo wake. Mkia wake una manyoya 10, ilhali ndege waimbaji wengi wana 12.

Hata hivyo, macho yana mpaka. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza spishi mpya ya mlamba wa misitu ya Afrika Magharibi, Dicrurus occidentalis. Miaka yote alihesabiwa pamoja na wenzake wa mkia mraba, hadi vinasaba na vipimo vya mdomo vilipomtenga.