Dola 2.20 Kwa Maili Sio Pesa Yako: Wenye Truki Tupige Hesabu Upya

Ndugu zangu mnaoendesha truki zenu wenyewe huku Marekani, msimu wa fomu 2290, ile ya kodi ya kila mwaka ya truki nzito, umefika na dawati letu la kuwasaidia wenye truki limejaa kama kawaida, ila safari hii wengi wanaokuja fomu haiwasumbui, kinachowasumbua ni hela. Mtu anamwaga karatasi zake mezani anasema nimetembea mwaka mzima kwa dola mbili na ushee kwa maili, nimeingiza zaidi ya dola laki mbili, mbona sina kitu? Tumeyasikia malalamiko haya mara nyingi mno sasa, na ukikaa na mtu ukazipitia karatasi moja moja, wizi haupo mara nyingi kama watu wanavyodhani. Shida ni hesabu, mtu anachukua hela ambayo sio yake yote anaigawa kwa maili ambazo sio zote alizotembea.

Kabla sijaendelea niseme kabisa kwamba hii ni elimu ya jumla, kesi yako ina mambo yake na jimbo lako lina sheria zake, usije ukapeleka maandishi haya kwa mkaguzi kama utetezi.

Tuchukue mzigo mmoja, namba nimezipanga kwa mfano lakini ndo aina ya namba tunazoziona kila siku. Broka, yule dalali wa mizigo, anakupa mzigo wa Indianapolis kwenda Dallas kwa dola 1,980, karatasi yake inasema maili 900, hiyo ni 2.20 kwa maili na umeridhika. Lakini truki ilikuwa Louisville, maili 115 mpaka kwenye mzigo, na hizo hakuna anayezilipa. Alafu zile 900 ni za kompyuta ya broka, odometa yako baada ya kutafuta pa kulala, kujaza mafuta na kukwepa barabara iliyofungwa inasoma 930. Jumla umetembea maili 1,045. Gawa tena, ni 1.89, na bado hatujagusa gharama hata moja. Wapo wanaolipwa kwa maili za kitabu, zile za wahamishaji wa samani, hizo zinapungua zaidi maana zinapimwa kutoka posta ya eneo moja mpaka posta ya eneo lingine na sio mlango kwa mlango.

Dispacha wako, anayekutafutia mizigo, anachukua asilimia 8, ni dola 158.40. Faktoringi, kampuni inayokulipa mapema badala ya kusubiri broka, asilimia 3, dola 59.40. Umebaki na 1,762.20. Diseli, truki inayokula galoni moja kwa maili 6.5 itataka galoni kama 161, kwa dola 3.70 hiyo ni karibu 595. Sasa umebaki na kama 1,167, ukigawa kwa maili zako 1,045 ni dola 1.12. Watu wengi wanaishia hapa, wanaona dola moja na senti 12 kwa maili ni pesa nzuri wanaitumia.

Hapo bado rejesho la truki, bima, kukodi treila, plate za majimbo, kifaa cha kurekodi masaa ya kuendesha, parking. Tuseme vyote ni dola 5,000 kwa mwezi na unatembea maili 9,000, zikiwemo maili tupu, zile za kutembea bila mzigo, basi kila maili inabeba senti 56. Weka senti 25 pembeni kwa ajili ya tairi na matengenezo, na tafadhali usiniambie truki yako haiharibiki. Inabaki kama senti 31 kwa maili, yaani mzigo wote wa Dallas umekuachia dola 325 hivi, na kodi hujalipa.

Sasa angalia hili maana ndo linalowamaliza watu. Mwezi huo huo truki ikakaa gereji wiki mbili, ukatembea maili 4,500 tu. Zile 5,000 hazipungui, mwenye bima hajali na benki haijali, kwa hiyo kila maili sasa inabeba dola 1.11. Ukitoa na senti 25 za matengenezo, mzigo ule ule uliokuwa unakuachia senti 31 sasa unakutafuna senti 24 kwa kila maili. Bei ya broka haijabadilika, mafuta hayajabadilika, na maili ulizogawia ndizo zilizobadilika. Ndo maana tunasisitiza hesabu ya mwezi na ya robo mwaka, ya mzigo mmoja haitoshi. Maili tupu nazo zihesabu mara moja tu, zifunge kwenye mzigo unaofuata, wengine wanazihesabu mara mbili wengine hawazihesabu kabisa.

Kwa kulinganisha, taasisi ya utafiti ya sekta hii, ATRI, ilikuta kwamba kuendesha truki maili moja kuligharimu wastani wa dola 2.27 mwaka 2023 na 2.26 mwaka 2024. Humo mshahara na marupurupu ya dereva yamo, na takwimu zenyewe ni za makampuni zaidi, wewe gharama zako utazitoa kwenye karatasi zako. Ila ukiona unakubali mizigo ya 1.70 wiki baada ya wiki, inabidi ujue hasa pengo hilo unalijaza na nini, na kwa wengi jibu ni jasho lako mwenyewe unalolifanya bure.

Kwenye kodi hapa naomba tuelewane vizuri. Kila mwaka tunarudia na kila mwaka mtu anakuja na zile senti za IRS, mamlaka ya kodi, kwa maili, zilikuwa 67 mwaka 2024 na 70 mwaka 2025, anasema nimetembea maili laki moja kwa hiyo nikate dola elfu sabini. Hapana. Kiwango kile ni cha gari dogo, vani na pikapu, truki ya kuvuta treila haimo. We unakata gharama halisi na risiti zake. Rejesho la truki pia halikatwi lote, unakata riba, na bei ya truki yenyewe inakatwa kidogo kidogo kwa miaka kwa njia ya uchakavu. Hela ambayo ungepata kama maili tupu zingelipwa haikatwi popote, mafuta uliyochoma kwenye maili hizo ndo yanakatwa kama mafuta mengine. Kinachosaidia na watu wanakisahau ni posho ya chakula ukilala nje ya nyumbani, dola 80 kwa siku ndani ya Marekani tangu Oktoba 2024, na dereva aliye chini ya sheria za masaa ya kazi za DOT, idara ya usafiri, anakata asilimia 80 yake.

Faida inayobaki inalipiwa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3 inayopigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida, na kodi ya mapato inakuja juu yake. Inalipwa kwa awamu nne, Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15, usisubiri mwisho wa mwaka maana kuna adhabu ya kulipa pungufu.

Fomu 2290 ni ya truki ya uzito wa paundi 55,000 kwenda juu, na zaidi ya 75,000 unalipa dola 550 kwa mwaka unaoanzia Julai. Ukianza kutumia truki Julai mwisho ni Agosti 31, ikiangukia wikiendi au sikukuu inasogea siku ya kazi inayofuata, ukianza mwezi mwingine mwisho ni siku ya mwisho ya mwezi unaofuatia. Ukichelewa kuijaza adhabu ni asilimia 4.5 ya kodi kwa kila mwezi mpaka miezi mitano, ukichelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi, na riba juu. Anayetegemea kutembea maili 5,000 au pungufu halipi lakini fomu anajaza. Kwa maili kodi hii ni kama nusu senti tu, ila bila ile shedyuli yenye muhuri, karatasi ya IRS inayothibitisha umelipa, jimbo halikupi plate, na truki isiyo na plate inasimama, tumeshaona kusimama kunafanya nini.

IFTA, ripoti ya kodi ya mafuta kati ya majimbo, tarehe zake ni Aprili 30, Julai 31, Oktoba 31 na Januari 31, adhabu dola 50 au asilimia 10 ya kodi unayodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili. Na hapa kuna hela watu wanaipoteza bila kujua. Kodi ya diseli unalipa jimbo ulilochomea mafuta, haijalishi umenunua wapi. Texas inatoza senti 20 kwa galoni, Pennsylvania zaidi ya senti 70, kwa hiyo ukijaza Texas kwa sababu pampu ni rahisi ukaenda kuyachomea Pennsylvania, tofauti itakufuata mwisho wa robo. Linganisha bei baada ya kutoa kodi ya jimbo, ndo bei ya kweli.

Mliokodisha truki zenu kwa kampuni na kuziendesha chini yake, kanuni za serikali kuu sehemu ya 376 ziko upande wenu na hamzitumii. Makato yote lazima yaandikwe kwenye mkataba. Malipo ndani ya siku 15 baada ya kukabidhi karatasi za mzigo. Unalipwa kwa asilimia? Una haki ya nakala ya bili ya mzigo, uone aliyelipa alilipa ngapi. Eskro, hela ya dhamana kampuni inayokushikia, irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kuisha, na riba yake. Kampuni hairuhusiwi kukulazimisha ununue kitu kwao kama sharti la mkataba. Mikataba ya kukodi mpaka ununue mtuletee kabla hamjasaini, kikosi kazi kilichoundwa chini ya FMCSA, mamlaka ya usalama wa magari ya mizigo, kilipendekeza Januari 2025 ipigwe marufuku.

Ukija dawatini njoo na stetimenti za miezi mitatu, picha za odometa za mwanzo na mwisho wa kila mwezi, risiti za mafuta zinazoonyesha jimbo na galoni, na mkataba wote, sio ukurasa wa sahihi peke yake.