Eti filamu ya rangi ilipokuja picha nyeusi na nyeupe ikafa? Sio kweli

Mtu akiona picha ya mwaka 1960 haina rangi anasema moja kwa moja, si enzi hizo rangi ilikuwa haijaja. Kumbe ilishakuja kitambo! Ndugu wawili wa Ufaransa, Lumière, walianza kuuza Autochrome, vioo vyao vya kupigia picha za rangi, mwaka 1907, vimepakwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi, na Kodachrome, filamu ya rangi ya kampuni ya Kodak, ikatoka 1935 kwa ajili ya sinema, mwaka uliofuata ikaingia kwenye kamera za kawaida.

Dhana nyingine, na hii ndo inaniuma, eti watu walikuwa wanabana hela tu. Bei ilikuwepo ndio, rangi ilikuwa ghali kununua na kusafisha, ila mbona hata wapiga picha wa magazeti makubwa waliing'ang'ania nyeusi na nyeupe? Tatizo mwanga jamani. Kodachrome za mwanzo zilikuwa ASA 10 hivi (ASA ni kipimo cha filamu inavyonasa mwanga, ikiwa kubwa inahitaji mwanga kidogo), ukiingia nayo kwenye chumba chenye balbu moja umekwisha, wakati Tri-X ya 1954, filamu ya nyeusi na nyeupe, ilikuwa ASA 200, yaani mara ishirini, mtu anapiga ndondi au usiku barabarani bila flashi. Halafu gazeti lenyewe wino mweusi, New York Times waliweka picha ya rangi ukurasa wa mbele mara ya kwanza 1997!

Na kuna kusafisha. Kodachrome ulikuwa huisafishi nyumbani, unaipeleka maabara unasubiri, na hata filamu za rangi zilizokuja baadaye zinataka dawa nyuzi 38 hivi, ikipishana kidogo tu rangi zinaharibika. Nyeusi na nyeupe unaifanya mwenyewe. Unawasha taa nyekundu, unatumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa, unalitikisa taratibu, mwanzoni hamna kitu, karatasi nyeupe tu, afu jicho linaanza kutokea, nywele, ukosi wa shati, na kama uso umetoka mweusi sana unarudia, safari hii unaukinga na kiganja wakati mwanga wa mashine ya kukuzia picha unashuka kwenye karatasi, kabla ya kuitia kwenye dawa. Picha ni yako toka mwanzo mpaka mwisho, na kwa mtu anayeipenda kazi yake hicho ni kitu kikubwa mno.

Wengine wanasema rangi ndo inatunza kumbukumbu vizuri. Fungua albamu yoyote ya zamani uone, ile ya rangi ya miaka ya 70 imegeuka wekundu wekundu, anga halipo tena, na ya nyeusi na nyeupe iliyo pembeni yake, ya zamani zaidi, bado unahesabu vifungo vya koti. Picha hiyo imeshikwa na madini ya fedha, ya rangi imeshikwa na rangi za kemikali ambazo zinapauka.

Wala sio kwamba mafundi wakubwa waliogopa rangi, Ansel Adams mwenyewe, Mmarekani maarufu kwa picha za nyeusi na nyeupe za milima, aliipiga sana tu. Ila kwenye sanaa ilionekana ni ya matangazo, mpiga picha Mmarekani William Eggleston alipoonyesha picha zake za rangi MoMA, jumba la sanaa la New York, mwaka 1976 wakosoaji walimshukia vibaya.

Na kama bado unadhani rangi ndo iliua mwenzake, Kodachrome iliacha kutengenezwa 2009, Tri-X mpaka leo inauzwa.