Bahari ya Kilwa na dhana wanazokuja nazo wageni

Dhana inayowaharibia wageni wengi mapumziko yao ya Kilwa ni kwamba bahari hukaa kama inavyoonekana pichani, maji ya samawati yamefika minazini, asubuhi na jioni. Mwaka jana niliwapokea ndugu zangu kutoka Dodoma, ambao hawajawahi kuoga baharini. Tulifika ufukweni Kilwa Masoko saa nne asubuhi, mataulo begani, tukakuta maji yamepwa, mashua zimelalia ubavu na tope lenye nyasi za bahari limeenea mbele yetu. Wifi yangu, ambaye kandambili yake moja ilikuwa imeshazama topeni, aliuliza kwa unyonge: "Wifi, bahari yenyewe ndiyo hii?"

Ukweli ni kwamba katika mwambao wetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa kuwa hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa yaweza kuzidi mita 3. Siku hizo maji hukauka sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi jioni. Kati ya bamvua moja na nyingine huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa hiyo anayetaka kuoga asubuhi achague siku za maji mafu, na anayetaka kuiona miamba ikiwa wazi aje wakati wa bamvua, wanawake wanapokwenda kuchokoa pweza. Siku ile tulingoja, na ilipofika saa kumi wifi alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, palepale alipopotezea kandambili.

Wengine hupanga safari kwa kuamini kwamba Tanzania yote ina masika na vuli. Huku kusini, hasa Mtwara na Lindi, mvua huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo huvuma kusi, na ingawa jua huwaka, bahari huweza kuchafuka mchana, ndiyo maana ni heri kuvuka mapema kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Wala si kweli kwamba pwani yetu haifikiwi na vimbunga, kwani Hidaya ilitufikia Mei 2024.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kukiona Kilwa Kisiwani kuwa magofu matupu yaliyoachwa na Wareno. Wareno waliuteka mji huo mwaka 1505, ilhali Msikiti Mkuu ulikuwa umeshasimama kwa karne kadhaa, na Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyepita hapo mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Hata Gereza, yaani ngome ambayo Wareno walianza kuijenga, kwa sehemu kubwa jengo linaloonekana leo ni la zama za Waarabu wa Omani. Zaidi ya hayo, kisiwani wanaishi watu. Mgeni hukata kibali Kilwa Masoko, huvuka kwa mashua, kisha hupita katikati ya nyumba za Waislamu wanaoendelea na shughuli zao, kwa hiyo nguo za kuogea zibaki ufukweni, na kanga au kikoi kivaliwe kabla ya kuingia kijijini.

Kuta za magofu hayo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Hapo ndipo ninapowaeleza wageni kuhusu mchanga, maana wengi hudhani mchanga mweupe ni mawe ya kawaida yaliyosagika, na kwamba makombe ni takataka za bahari anazoweza kuzibeba yeyote. Sehemu kubwa ya mchanga huo ni matumbawe na makombe yaliyovunjikavunjika, na pono, samaki anayekwangua miamba kwa meno yake, huutoa mwingi kupitia tumbo lake. Tena kombe lililo tupu hugeuka nyumba ya kaa asiye na gamba gumu sehemu ya nyuma ya mwili wake. Mtoto wa wifi alikuwa amejaza mfuko. Usiku ule, chumbani, tulisikia kitu kikikwaruza sakafu, na tulipowasha taa tukaona kombe moja linatembea kuelekea mlangoni. Alfajiri tuliurudisha mfuko wote ufukweni.