"Imani Yako Ni Ndogo" na Maneno Mengine Yanayowavunja Waumini Wakati wa Shida

Haipiti wiki kabla mtu hajaketi katika ofisi ya ushauri hapa kanisani kwetu, Eastlands, Nairobi, na kuniambia maneno yale yale: "Pasta, nafikiri shida iko kwa imani yangu." Amesimamishwa kazi Industrial Area, au mtoto amelazwa hospitali ya Kenyatta, au nyumba yake Mathare ilichukuliwa na mafuriko ya mwaka 2024 na hajasimama tena. Hayo yote anajitahidi kuyabeba. Linalomvunja mgongo ni lile aliloambiwa na ndugu zake katika Kristo, kwamba angeamini sawasawa yasingempata.

Nitaanza na hili, na nitakaa hapo, kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi kuliko yote ninayoyasikia.

Dhana: Shida zako haziishi kwa sababu imani yako ni ndogo

Anayesema hivi hajamaliza kukisoma kitabu cha Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari walihubiri jambo hili hili, sura baada ya sura: mwenye haki hapatwi na mabaya, basi wewe Ayubu tubu. Ukifika sura ya 42 unakuta Mungu amemkasirikia Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena habari zake yaliyo sawa. Ayubu, aliyeilaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu majibu, ndiye anayeagizwa kuwaombea hao watatu. Leo mahubiri ya Elifazi yanarudiwa kwa spika kubwa kila Jumapili, na watu wanaitikia amina.

Wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Akawajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Paulo alisihi mara tatu aondolewe mwiba wake na haukuondolewa. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na aliyemwacha ni mtume ambaye aliombea wagonjwa wakapona. Je, Paulo naye imani ilimpungukia?

Kisha kuna Waebrania 11, sura ambayo huhubiriwa kwa shangwe hadi nusu ya mstari wa 35, pale wanawake wanapopokea wafu wao waliofufuliwa. Nusu ya pili ya mstari huo siisikii ikisomwa. Wengine waliteswa, wakapigwa mawe, wakakatwa kwa misumeno, wakazunguka wamevaa ngozi za mbuzi. Mwandishi anawaweka kwenye orodha moja na wale waliofunga vinywa vya simba, na wote anawashuhudia kwa imani yao.

Hata hapa kwetu tunajua habari za ndugu wa Uamsho, vuguvugu la wokovu la Afrika Mashariki. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia kushika bunduki upande wa serikali ya kikoloni. Walipigwa, wengine wakauawa. Sijasikia mzee yeyote wa kanisa akisema waliuawa kwa sababu imani yao ilikuwa haitoshi.

Mafundisho haya ni sumu kwa sababu yanamfunga mtu mdomo wakati anaohitaji kusema. Mama mmoja, ambaye nimebadilisha mambo yake kidogo asitambulike, alifungua simu yake mbele yangu akanionyesha jumbe za M-Pesa: 500, 1,000, 300, zote za "kupanda mbegu", yaani kutoa sadaka ukitarajia Mungu akurudishie zaidi, kwenye paybill moja. Mwezi huo huo mwenye nyumba alikuwa ameweka kufuli mlangoni pake. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa saa tisa usiku. Pesa zilipokwisha na kazi haijapatikana, akaambiwa alitoa huku anashuku. Kikundi chake cha maombi hakikujua lolote. Ijumaa kwenye kesha alikuwa anasimama kushuhudia ushindi, Jumamosi anakopa unga kwa jirani ambaye hata si mwumini. Angesema ukweli, wangemsaidia. Kuna watu wema katika kikundi kile. Aliogopa kuonekana mtu wa imani haba.

Yule baba wa Marko 9, mwenye mtoto wa kifafa, alimwambia Yesu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akafunge siku tatu kwanza. Alimponya mtoto. Imani ya punje ya haradali inatosha, kwa sababu nguvu ziko kwa yule unayemshika.

Kila anayekuja kwangu akiwa amechoka humpa kazi moja, na simwachilii mpaka aifanye: kila asubuhi asome kwa sauti zaburi moja ya maombolezo. Aanze na Zaburi 13, ina mistari sita tu, unaimaliza ukingoja matatu ijae. Aende 42, kisha 22, kisha 88. Hiyo ya 88 inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa faraja mwishoni. Iache hivyo hivyo. Usikimbilie kuongeza "lakini mimi ni mshindi." Mungu ameyaweka maneno hayo ndani ya Biblia ili ukikosa yako, utumie hayo. Na anayekwambia machozi ni kukosa imani, mpe Yohana 11:35, pale Yesu alipolia machozi.

Dhana: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba

Huo si mstari wa Biblia. Watu hupindisha 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anaonya juu ya kuvutwa dhambini, kuabudu sanamu na kunung'unika kama Waisraeli jangwani. Kuhusu mizigo, Paulo huyo huyo anasema katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walilemewa "kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mizigo mingine inakushinda kabisa. Ndiyo maana Wagalatia 6:2 inatuagiza tuchukuliane.

Dhana: Yeremia 29:11 inaniahidi mambo yatanyooka mwaka huu

Soma mstari wa 10. Barua ile iliandikiwa mateka wa Babeli, na wanaambiwa wangoje miaka 70.

Dhana: Shida ikizidi, funga zaidi na usilale

Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumpa ratiba ya maombi. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Horebu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtu ni kama amekula leo. Kufunga ni jambo jema na mimi hufunga, lakini baada ya Shakahola mwaka 2023, msitu wa Kilifi ambako waumini walihimizwa wafunge hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, sina subira na mtu anayemsukuma mwenye huzuni nzito akae na njaa peke yake.

Dhana: Dawa na mshauri ni vya wasioamini

Luka alikuwa tabibu. Timotheo aliagizwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Usiache dawa za presha wala za msongo kwa sababu umeombewa. Omba, umeze, urudi kliniki.

Dhana: Nitarudi kanisani mambo yakinyooka

Hii husemwa na wenye shida wenyewe. Hana sadaka, viatu vimeisha, amehamia chumba kidogo mbali na wenzake, anaona haya. Sadaka hailipiwi mlangoni. Ukikosa nauli ya kuvuka mji, ingia kanisa lililo karibu nawe. Na leo, kabla hujalala, tuma ujumbe kwa mtu mmoja wa ushirika wako, umwandikie hali ilivyo: kodi ya miezi mingapi, mtoto ametumwa karo lini, unga uko au hauko.